Roboti Hatakungoja Hadi Januari

Beni, mwanangu,

Sikusalimii. Mtu aliyenirushia kiatu mchana hasalimiwi jioni kana kwamba hakuna kilichotokea. Kimenipata begani, kama ulitaka kujua. Hukunilenga vibaya.

Najua sasa uko La Rochelle, upande wa pili wa Johannesburg, kwa Tantine Odette, kwa sababu basi la Lubumbashi linaondoka alfajiri na Tantine haamini kwamba mtu wa kwetu Bellevue anaweza kuamka bila kumwagiwa maji. Mama amerudi saluni, ana wateja wa Krismasi hadi mlangoni. Papa yuko lindoni. Mvua ya mawe imepita, bati limetulia, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni nikiwa na hasira nyingi kiasi kwamba nimeandika neno la kwanza nikatoboa karatasi.

Nakuita mwanangu, ingawa mimi ni yaya wako tu, dada yako mkubwa, na huwezi kunikataza leo. Uani wote wananiita hivyo, mama yake Beni, tangu nilipokuwa nakufunga mgongoni kwa kitenge nikifanya hesabu za darasa la pili nimesimama, maana nikikaa tu ulilia. Mama alirudi kusuka ukiwa bado huwezi kushika kichwa chako. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, hivyo hivyo unavyovirusha.

Na nakuandikia kwa Kiswahili, wewe unayejibu Kiingereza hata ukiulizwa jina. Nina sababu mbili. Ya kwanza, huko Lubumbashi utakihitaji. Ya pili, ukikwama, Kambo, bibi yetu, atakusomea, na nataka naye asikie. Kambo, shikamoo. Bado nimekukasirikia na wewe.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kupiga magoti kabla ya kulala na ya kutowajibu watu wazima, Mama amekwisha kukuambia. Sitayarudia. Hilo la mwisho ningelifuta.

Nataka kukuambia habari za Roboti tangu mwanzo, kwa sababu uliyoisikia uani leo ilikuwa na kelele nyingi.

Unakumbuka kwamba sikwenda kutafuta mbwa. Shuleni walituambia kila mmoja achague mahali pa kujitolea Jumamosi. Wenzangu walichagua nyumba ya wazee na jiko la kanisa. Mimi nilichagua kituo cha mbwa waliookolewa, kwa sababu mbwa hawakuulizi kwa nini huongei. Wewe nilikuchukua kwa kuwa hakuna wa kukuachia. Ulibeba ndoo za maji siku nzima bila kulalamika, wewe ambaye nyumbani ukiambiwa osha kikombe unaumwa tumbo.

Roboti alikuwa kwenye banda la mwisho, amesimama. Wale wa aina yake, wanaoitwa grehaundi, hawajui kukaa vizuri, miguu ni mirefu mno. Wewe ulidhani ni mgonjwa. Kiuno chembamba, mbavu zinahesabika, kovu la waya limezunguka mguu wa nyuma kama bangili. Sis Thandeka, yule anayesimamia mabanda, alitueleza kwamba alikuwa akitumiwa na watu wanaowekeana dau mashambani nje ya mji: mbwa wa nani atamkamata sungura kwanza. Alipoumia mguu wakamwacha kwenye waya huo huo. Ulisikiliza yote hadi mwisho. Kisha ukauliza, "Na sungura je?" Sis Thandeka akacheka hadi akakohoa.

Tulipomtoa kutembea alisimama kila kona. Anasimama, anaangalia kushoto na kulia, hasogei mpaka wewe usogee. "Eish, yaya, huyu ni roboti nyekundu," ukasema, na jina likabaki hapo, kwa kuwa hapa taa za barabarani ni roboti hata kwa Mama aliyezikuta ukubwani.

Nakumbuka pia siku Papa alipokuja kumwona, akiwa bado na sare ya ulinzi. Alimzunguka kama anakagua gari.

"Anabweka?"

"Mara chache sana," Sis Thandeka akasema.

"Anafanya nini sasa?"

"Analala. Wanapenda sana kulala."

Papa akanigeukia. "Neema, mimi ni mlinzi. Watu wanaiba hata mfuniko wa shimo la choo. Na weye unaniletea mbwa anayelala mchana na usiku? Huyu si mbwa, huyu ni mugeni." Lakini mkono wake ulikuwa tayari juu ya kichwa cha Roboti, na haukutoka hapo. Wewe ulinifinya. Tulijua tumeshinda.

Kwa hiyo kuanzia siku ile hatukubishana tena kama tutamchukua. Tulibaki na swali la lini. Hapo ndipo nilipokosea, na nataka ujue nilivyokosea, kwa sababu sikukosea kwa ujinga. Nilikosea kwa akili.

Ilikuwa Novemba. Mwenye nyumba amekubali, ukuta wa uani umekwisha kukaguliwa. Wewe ulitaka tumchukue kesho yake. Ndipo Tantine akasema anakwenda Lubumbashi Desemba, na Mama akasema utakwenda naye kumsalimia Kambo. Nikakaa na vitabu vyangu vya maktaba, nikafikiri. Mbwa ambaye hajawahi kuishi ndani ya nyumba, anayeogopa ngazi na kioo, anahitaji wiki nyingi za watu wale wale na harufu ile ile. Tukimleta sasa, atakuzoea, halafu utatoweka. Kisha Mwaka Mpya. Unajua mtaa wetu usiku ule, fataki hadi madirisha yanatetemeka, watu wanatupa viti kutoka ghorofani. Mbwa wa kukimbia akishtuka, hata ukuta haumzuii. Na Sis Thandeka alikuwa ameshatuonya kwamba kuanzia katikati ya Desemba hawatoi mbwa kabisa, maana watu huwachukua kama zawadi za Krismasi na Januari wanawarudisha kama viatu visivyotosha.

Nikasimama karibu na jiko nikawaeleza wote. Unajua nisivyoongea. Siku ile niliongea. Nikasema Januari, Beni akirudi, kabla shule hazijafunguliwa, ndiyo wakati unaofaa. Wewe ulilia. Mimi nikakuambia, "Subira, mwanangu. Unaenda, unarudi, Roboti yuko palepale."

Na Mama akasema, "Neema iko na akili. Aende kwanza, arudie, njo tutaenda kukamata ile imbwa."

Mara moja. Bila kuuliza atakula nini, bila kuuliza nani ataokota mavi. Mama, anayebishana na muuza nyanya hadi mtu mwingine anakuja kununua nyanya zote, alikubaliana nami kwa pumzi moja. Na mimi nikafurahi! Nikadhani nimeshinda kwa hoja. Beni, mtu akikubaliana nawe upesi kuliko ilivyo kawaida yake, usimshukuru kwanza. Nilikwenda kulala siku ile nikijiona mwanasheria.

Jumanne nilikuwa nakupangia nguo sandukuni. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa duka, nikakuta mashati meupe mapya na suruali za bluu nzito, kubwa kidogo kuliko wewe, za kukua nazo. Mtoto mwingine wa Johannesburg angedhani ni nguo za kanisani. Shule yako ni kijivu. Lakini mimi nilizaliwa kule, na picha ya Papa akiwa mdogo iko ukutani juu ya friji: shati jeupe, suruali ya bluu. Kongo nzima watoto huenda shule hivyo. Hakuna anayemnunulia mtoto sare ya shule kwa ajili ya likizo.

Nilikaa sakafuni. Halafu nikaichukua suruali moja nikaenda nayo kwa miguu hadi saluni Yeoville, na njiani sikumwona mtu hata mmoja, ingawa walikuwepo.

Mama alikuwa anamsuka Mama Salma, yule wa Tanga anayeuza vitenge. Tantine Odette alikuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya Beni. Unaona haimutoshi?"

"Shuleni kwao wanavaa kijivu."

Tantine akatoa kichwa kwenye mashine. "Aa, profesa ameingia! Mutoto akienda kanisani kwa Kambo avae nini, pijama?"

"Sare, Tantine? Kanisa gani linavaa sare ya shule?"

Mama akavuta msuko. "Taratibu, mwenzangu," Mama Salma akasema, "hicho kichwa, si kamba ya mbuzi."

"Beni anarudi lini?" nikauliza.

"Januari, njo tulisema."

"Januari ya mwaka gani?"

Msichana aliyekuwa anafagia nywele akaacha kufagia. Mama Salma akanitazama kupitia kioo, kisha akamtazama Mama. "Mtoto kauliza. Mjibu basi, maana hapa anayekwisha nywele ni mie."

"Neema, enda nyumbani."

"Naenda. Lakini akipanda basi anadhani anarudi kuchukua mbwa, nitamwambia mimi. Nitamwambia mbele ya dereva."

"Weye ni nani wa kuniambia hivi?"

"Mimi ndiye niliyemwambia Januari! Kwa mdomo wangu. Mlinipa uongo niupeleke kama mkate."

Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye vioo. Nilikuwa sijawahi kupiga kelele mbele ya watu. Tantine akasema polepole, kama anamfundisha mtu aliyechelewa kuzaliwa, "Neema, mama. Kwetu mutoto haambiwi safari. Safari haitangazwi. Ukiitangaza, atalia, na watu wabaya watasikia, na barabara itafungwa. Hata weye ulikuja hivyo. Umekufa?"

Hapo ndipo nilipokasirika kweli kweli, Beni, na hasira hiyo haijatoka hadi sasa, kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi nilikuja hivyo. Nilikuwa na miaka sita. Walinivika gauni zuri wakaniambia tunakwenda kumsalimia Papa, tutarudi Jumapili ijayo. Kambo mwenyewe alinisuka nywele asubuhi ile, akanipa ndizi mbili, akasema, "Ukirudi utanikuta nimekupikia sombe," yale majani yake ya muhogo. Alijua. Alikaa kitini na alijua. Sikumkumbatia kama mtu anavyomkumbatia bibi anayemwacha, nilimkumbatia kama mtu anayekwenda sokoni. Wiki nyingi hapa nilikataa kufungua begi langu, nikisema tunaondoka Jumapili. Mama anaisimulia hadithi hiyo kwenye sherehe na watu wanacheka. Mimi sijawahi kucheka, sema tu hakuna aliyeniangalia.

Kambo, najua uliona ni vema. Najua ulilia baadaye, Mama aliniambia. Ungelia mbele yangu, ningekuwa na kitu cha kushika.

Sasa nitasema neno moja la haki kwa Mama, halafu nitaendelea kukasirika. Alinifuata nje ya saluni, mikono yake ina mafuta, akanishika hapo kando ya duka la simu. Hakupiga kelele. Akasema, "Ulisahau ile wiki walikuwa wanafukuza wageni, tulilala na viatu? Ulisahau walivyokata begi ya Beni, wakamwambia arudie kwao, na kwao ni hapa Bellevue? Kila akichelewa kutoka shule mimi nasuka mutu na sioni kichwa. Unaona mimi napenda kumutuma? Niko nacheka hapa?"

Sikusahau. Mimi ndiye niliyeshona begi lile. Inawezekana Mama yuko sahihi, na Lubumbashi utatembea barabarani bila mtu kukuuliza unatoka wapi. Sijui. Kukutuma kunaniuma, lakini hasira yangu haiko hapo. Hasira yangu ni kwamba mtu mwenye sababu nzuri namna hiyo alichagua kutumia mbwa.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia mtoto wa miaka tisa anaweza kulia na bado akapanda basi. Akaniacha palepale akarudi kwa mteja wake, nami sikujua kama amesikia.

Leo mchana amekuambia. Nampa hilo. Amefunga saluni saa ya kazi, siku za Krismasi, akaja akakaa kwenye kitanda chako akakuambia kwamba utasoma kule. Nilikuwa mlangoni. Hukuuliza kwa nini, wala mpaka lini. Uliuliza, "Na Roboti?"

Na Mama, alipoona uso wako, akashindwa. "Tutamuleta leo," akasema. "Leo hii. Papa ataenda kabla ya lindo. Utalala naye."

Ukaruka. Ukakimbia uani na blanketi lako, ukaanza kulitandika karibu na karo. Ndipo nikatoka nikakuambia hapana. Kisha nikakuambia lile la pili: kwamba asubuhi nilikuwa nimekwisha kumpigia Sis Thandeka nikamwambia asituwekee Roboti tena. Kuna mume na mke wazee waliomwomba Roboti tangu Oktoba, wana ukuta mrefu, hawasafiri Desemba, na Mwaka Mpya wanakaa ndani na mapazia yamefungwa. Sis Thandeka alikuwa amewakatalia kwa sababu mimi nilimpa neno langu. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kutoa mbwa kabla ya sikukuu. Wamekwenda kumchukua saa nane.

"Wewe ni kama wao!" ulisema, kwa Kiswahili, sentensi nzima, mara ya kwanza tangu sijui lini. Kisha kiatu.

Umeondoka na Tantine kabla sijapata pumzi, kwa hiyo soma sasa nilichotaka kusema.

Mbwa wa usiku mmoja si zawadi. Angefika jioni ndani ya nyumba asiyoijua, angelala karibu nawe, na alfajiri angeamka hupo. Yeye ameshaachwa kwenye waya mara moja na watu aliowakimbilia. Nilimwangalia Mama akikuahidi na nikaona hafikirii Roboti hata kidogo, wala hakufikirii wewe wa kesho. Alitaka uso wako ubadilike wakati ule. Namwelewa. Hata mimi nilitaka.

Utasema, basi ungemchukua wewe, yaya, ungenitunzia. Nililifikiria hilo usiku kucha jana, na ninaweza kukuambia kwamba ningempenda. Ningesoma na kichwa chake kwenye miguu yangu, na nisingehitaji kuongea na mtu yeyote. Lakini nawajua watu wetu. Kila mara ambapo ungelia kwenye simu, wangesema, nyamaza, Roboti anakungoja. Ukikataa kula, Roboti anakungoja. Ukiuliza unarudi lini, kuwa mtoto mzuri kwanza, Roboti anakungoja. Wangekufunga wewe kwa kamba yake. Na sauti ambayo wangeitumia ni yangu, kwa sababu yangu ndiyo unayoiamini, au uliiamini hadi saa tisa leo.

Kwa hiyo hakungoji. Nimeamua mimi. Mama hajui hata namba ya simu ya Sis Thandeka. Ukitaka kumchukia mtu, nichukie mimi, ninastahili na nina bega lingine. Lakini usiwaze akiwa bandani anaangalia mlango. Sis Thandeka ameniandikia kwamba yule mzee amekuja na koti la mbwa alilolishona mwenyewe, na kwamba Roboti alisimama mlangoni kwao, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na wazee wale wakasimama naye, hawakumvuta.

Huko utakasirika sana, na watakuambia mtoto mwenye hasira hana adabu. Mimi nimekuwa na adabu miaka kumi na sita na imenisaidia kupeleka uongo wa watu wengine. Kasirika. Ila uliza maswali yako kwa sauti inayosikika, na ukijibiwa upesi, uliza tena. Kambo hapendi kuulizwa mara mbili. Muulize mara tatu. Ananidai jibu langu tangu ile asubuhi ya ndizi, unaweza kumchukulia na langu. Hapana, nimeandika vibaya, mimi ndiye ninayemdai. Siifuti, karatasi hii nimekwisha kuitoboa mara moja.

Kesho nitakuja kituo cha basi kabla ya kupambazuka, na Papa atanipitia akitoka lindoni. Si lazima uniongeleshe. Unaweza kunigeuzia mgongo mpaka basi liondoke. Nitautazama mgongo.

Bado kuna kitu kimoja. Siku ya kurudi kwako. Nimemuuliza Mama kabla hajatoka, akasema hajui. Nikampigia Papa, akasema tuone kwanza mwaka huu utakavyokuwa. Tantine, nilipompigia naye, akasema Mungu ndiye anayejua. Sitakuwekea hapa mwezi wowote ili karatasi ipendeze. Sijui, Beni. Sasa unajua kila ninachokijua mimi.

Yaya wako,
Neema